Kabla ya Kuchuma Pakanga, Geuza Jani

Pakanga ni mmea wa dawa za kienyeji, na inayoota yenyewe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ni Artemisia afra. Ipo Kilimanjaro, Usambara, Mlima Kenya na Aberdare, kuanzia mwinuko wa mita 1,500 hivi hadi kupita 3,000. Itafute penye jua: kingo za msitu, kandokando ya barabara, mipaka ya mashamba. Kwenye kivuli kizito huikuti.

Wengi hufikicha jani na kulinusa kabla hawajaangalia mmea, na hapo ndipo wanapoumia. Gugu karoti (Parthenium hysterophorus), gugu vamizi kutoka Amerika ambalo sasa limeenea Arusha na sehemu kadhaa za Kenya, lina majani yaliyochanika karibu vilevile. Kulishika kwa mikono mitupu huleta muwasho na vipele, na chavua yake huamsha pumu. Kwa hiyo macho yatangulie, mkono ufuate.

Anza chini. Pakanga ni kichaka cha miaka mingi, nusu mita hadi mita mbili, na tako la shina lake ni gumu kama mti. Gugu karoti huota, huzaa na kufa ndani ya mwaka. Likiwa changa hutandaza majani juu ya udongo kama sahani.

Kisha geuza jani kwa kijiti. La pakanga hufika sentimita 8, limechanika vipande vyembamba, na upande wa chini ni mweupe wa kijivu kwa sababu ya vinyweleo laini.

Ua ndilo linalomaliza ubishi. Vichwa vya maua ya pakanga ni vya milimita 3 hadi 4, njano iliyofifia, vimeinamia chini, wala huoni petali. Vya gugu karoti ni vyeupe. Ukivitazama kwa karibu, kila kimoja kina ncha tano pembeni. Kama hakuna ua na shina linakutia shaka, uache mmea huo. Ukiridhika, fikicha jani moja: harufu ni kali, inakaribia kafuri.

Pakanga hii si Artemisia annua, mmea wa asili ya China unaolimwa kwa ajili ya artemisinini ya kutengenezea dawa za malaria. Huo huishi mwaka mmoja, na majani yake ni ya kijani pande zote mbili. Katika pakanga ya milimani artemisinini haipo au ni chembe tu, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia ya aina yoyote kwa malaria. Mwenye homa akapime. Mjamzito asinywe pakanga kabisa, kwani ina thujoni, kemikali yenye sumu.

Unapochuma, kata ncha za matawi kwa kisu na uache tako lichipue tena. Ukiling'oa, umepoteza kichaka cha miaka. Usichume kando ya barabara yenye magari mengi wala kwenye mpaka wa shamba linalopigwa dawa.