Kuunda meza ya muziki ya kikundi: mwanga kwanza, sauti baadaye

Reactable ilianza kutengenezwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, na Sergi Jordà, Martin Kaltenbrunner, Günter Geiger na Marcos Alonso. Ni meza ya duara, haina mbele wala nyuma, na wapigaji huizunguka wakipanga vipande juu ya uso unaong'aa. Kimoja hutoa sauti, kingine huichuja. Vikikaribiana huungana vyenyewe. Ukikizungusha kimoja, sauti inabadilika. Mwanamuziki Björk aliipandisha jukwaani katika ziara yake ya 2007.

Si lazima kuinunua. reacTIVision, programu inayotambua vipande kwa kusoma kupitia kamera alama zilizo chini yake, ni ya bure, na darasa lenye fundi seremala linaweza kuunda meza yake. Kinachowashinda wengi ni mwanga.

Ndani ya sanduku la meza, chini ya akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) iliyobandikwa karatasi nyembamba ya wachora ramani, weka kamera, projekta na taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, za nanomita 850. Kamera ya kawaida ina kichujio kinachozuia infraredi. Kitoe, kisha weka kingine kinachozuia mwanga wa kawaida, la sivyo kamera itasoma picha za projekta na kuchanganyikiwa. Taa zisielekezwe kwenye akriliki: zitaacha madoa meupe, na kipande kikipita hapo kinapotea. Zielekeze kwenye kuta za sanduku zilizopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Jua nalo lina infraredi tele, kwa hiyo meza iliyofanya kazi vizuri usiku inaweza kugoma saa nne asubuhi karibu na dirisha. Pazia zito linatibu hilo kuliko mpangilio wowote wa programu.

Alama zinazobandikwa chini ya vipande zichapwe kwa printa ya leza. Baadhi ya wino wa printa za wino wa maji (inkjet) hauonekani kabisa kwenye infraredi. Jicho linaona alama safi, kamera inaona karatasi tupu. Usizifunike kwa plastiki ing'aayo. Programu hutambua alama kwa jinsi madoa meusi na meupe yalivyomo ndani ya mengine, ndiyo maana kuizungusha hakuisumbui, lakini mkwaruzo mmoja unaounganisha madoa mawili unaiua. Kuhusu ukubwa, piga hesabu: kamera ya pikseli 640 ikitazama upana wa sentimita 80 inatoa pikseli 8 kwa sentimita, hivyo alama ya sentimita 6 ina pikseli 48 tu. Mkono ukienda kasi, vitone vidogo vinafutika.

Taarifa za kila alama hutumwa kwa TUIO, itifaki (kanuni za programu kutumiana data) ya meza kama hizi, kwa kawaida kupitia lango la mtandao namba 3333: namba yake, mahali ilipo kati ya 0 na 1, na pembe kwa radiani (kipimo cha pembe badala ya digrii). Pure Data, programu ya kuunda sauti, inazipokea na kuzigeuza sauti. Usikate sauti mara alama inapotoweka; subiri milisekunde 150 hivi, maana kamera hukosa fremu (picha) moja moja na muziki utasikika kama redio yenye betri mbovu. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde hukuongezea hadi milisekunde 33 kabla ya kitu chochote kusikika, kwa hiyo msigonge vipande kama ngoma. Viwashe na kuzima midundo inayojirudia, na programu isubiri pigo linalofuata.

Wanafunzi wanne wanatosha. Anza na kipande kimoja cha sauti na kichujio kimoja kwa wote, kwani kila mtu akipewa mlio wake dakika ya kwanza, hakuna atakayetambua wa kwake katika spika moja. Chora kwa projekta mawimbi ya sauti kati ya vipande ili macho yasaidie masikio. Kichujio cha mmoja kikikaribia sauti ya mwenzake, muunganisho unahama, na mara nyingi ugomvi unazuka. Mwalimu asiuzime haraka: hapo ndipo wanapoanza kuulizana nani alibadilisha nini. Ila wakiwa na vipande zaidi ya vitatu kila mmoja, hata hilo swali halina jibu, punguza.