George Weah: yanayosemwa kuhusu safari yake ya kutoka uwanjani hadi Ikulu, na yaliyotokea kweli

Kila mwanasoka mstaafu anapotangaza kwamba anagombea, haupiti muda jina la George Weah, nyota wa zamani wa soka aliyekuja kuwa rais wa Liberia, linatajwa. Kuna wanaomtaja kuthibitisha kwamba umaarufu wa uwanjani unatosha kumfikisha mtu Ikulu. Wengine humtaja kuthibitisha kwamba mcheza mpira akikabidhiwa nchi ataiharibu tu. Nimemfuatilia mtu huyu tangu enzi zake za Milan, na naona kambi zote mbili hazimtendei haki. Wanamsimulia kana kwamba kati ya siku alipotundika daluga na siku alipokula kiapo hapakutokea kitu. Kumbe hapo katikati ndipo penye habari yenyewe: miaka ya kushindwa, kurudi darasani akiwa mtu mzima, na kushikana mikono na watu ambao wengine wangewakwepa.

"Wenger alimwokota mtaani Monrovia"

Weah alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1966 na kulelewa na bibi yake mzaa baba huko Clara Town, mtaa wa watu maskini jijini Monrovia. Simulizi nyingi zinaruka kutoka hapo hadi klabu ya Monaco, kocha wake wa huko, Arsène Wenger, akiwa mwokozi wake. Wenger alimjenga kweli, na Weah mwenyewe amekuwa akimtaja kama baba. Lakini kijana aliyetua Monaco mwaka 1988 alikuwa mchezaji aliyekwisha kukomaa. Aliwahi kufanya kazi ya ufundi katika shirika la simu la Liberia huku akicheza. Alivaa jezi za Mighty Barrolle na Invincible Eleven, watani wa jadi wa soka la Monrovia. Akavuka mpaka kwenda Africa Sports ya Abidjan, kisha Tonnerre ya Yaoundé. Aliyemsikilizisha Wenger habari zake ni Claude Le Roy, wakati huo akiifundisha Cameroon. Kwa hiyo kabla ya Ulaya kumjua, klabu za Afrika Magharibi na Kati zilikuwa zimeshamlea, na sifa hiyo ni haki yao.

"Kabla yake hakukuwa na Mwafrika anayestahili Ballon d'Or"

Hii inaniudhi kuliko zote. Hadi mwaka 1994 tuzo ile ya mchezaji bora wa mwaka ilikuwa ya wachezaji wenye uraia wa nchi za Ulaya tu. Ndiyo maana Pelé na Maradona hawakuwahi kuibeba walipokuwa wanacheza, na ndiyo maana Abedi Pele wa Ghana, pamoja na yote aliyoyafanya Marseille, hakuwa hata na haki ya kupigiwa kura. Eusébio, aliyezaliwa Msumbiji, aliichukua mwaka 1965 kwa sababu Msumbiji ilikuwa koloni la Ureno na yeye alichezea Ureno. Mwaka 1995 mlango ukafunguliwa kwa yeyote anayecheza klabu ya Ulaya, na mwaka huohuo Weah akaichukua, pamoja na tuzo ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia. Hadi leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeibeba Ballon d'Or ya wanaume.

Na kwa kuwa watu hupenda kusema alipewa kwa huruma, nawaomba waitazame tena mechi ya Milan na Verona ya tarehe 8 Septemba 1996, siku ya ufunguzi wa ligi ya Italia. Verona wanapiga kona. Mpira unapita vichwa vyote na kumkuta Weah ndani ya eneo la hatari la timu yake mwenyewe. Anautuliza, anaanza kukimbia. Karibu na mstari wa kati wanaume wa Verona wanambana, anazunguka, mpira unaonekana kumponyoka, anatokea upande wa pili akiwa nao mguuni. Baada ya hapo ni mbio, na shuti la chini chini lililomshinda kipa. Hakuwapita wachezaji wote 11, kama inavyosimuliwa vijiweni. Wengi hata hawakumfikia, na kasi hiyo ndiyo iliyonishangaza zaidi.

"Alimpigia simu Souness ampokee binamu yake"

Novemba 1996 Ali Dia, raia wa Senegal, aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Southampton dhidi ya Leeds. Alichukua nafasi ya Matt Le Tissier, akahangaika, kisha naye akatolewa. Kocha Graeme Souness alikuwa ameambiwa kwamba Weah amempigia debe kwa simu. Weah hakupiga simu hiyo, na Dia hakuwa binamu yake. Jina la mtu lilitumiwa bila yeye kujua, basi.

"Alitoka uwanjani akaingia Ikulu"

Alimalizia soka Al Jazira ya Abu Dhabi mwaka 2003. Urais aliapishwa tarehe 22 Januari 2018. Hiyo ni karibu miaka 15.

Alijitosa kwa mara ya kwanza mwaka 2005, uchaguzi wa kwanza baada ya vita vilivyokwisha 2003. Duru ya kwanza aliongoza kwa asilimia 28.3, Ellen Johnson Sirleaf akimfuata kwa 19.8. Duru ya pili, tarehe 8 Novemba, mambo yakageuka: Sirleaf asilimia 59.4, yeye 40.6. Hadi leo utasikia kwamba kura zake ziliibwa. Chama chake, CDC, kililalamika na vijana waliingia barabarani Monrovia, lakini waangalizi wa kimataifa waliona uchaguzi umekwenda vizuri kwa ujumla, na mwezi uliofuata Weah mwenyewe aliachana na pingamizi. Maelezo rahisi zaidi ni kwamba waliomchagua duru ya kwanza walibaki naye, ila wapiga kura wa wagombea walioanguka wengi wao walikwenda kwa Sirleaf. Weah hakuwa na watu wa kumletea kura hizo. Somo hilo alilishika, nitalirudia.

Mwaka 2011 alikubali kushuka na kuwa mgombea mwenza wa Winston Tubman. Walifika duru ya pili, chama kikaisusia, Sirleaf akapita. Mwaka 2014 akagombea useneta wa kaunti ya Montserrado, yenye jiji la Monrovia. Uchaguzi uliahirishwa kwa sababu ya Ebola hadi tarehe 20 Desemba, na Weah akapata asilimia 78 dhidi ya wagombea wengine akiwemo Robert Sirleaf, mtoto wa rais aliyekuwa madarakani. Useneta wake haukuwa wa kujivunia. Alilaumiwa kwa kuonekana kwa nadra vikaoni, na lawama hiyo naiona ya haki.

"Hajasoma"

Mwaka 2005 lilikuwa tusi lenye msingi. Upande mmoja alisimama Sirleaf, mwanauchumi aliyepita Harvard na Benki ya Dunia, upande mwingine mtu ambaye shahada aliyodai kuwa nayo ilitoka kwenye taasisi isiyotambulika. Wapinzani wake walilisema kila jukwaa. Tatizo ni wanaolirudia leo kana kwamba saa ilisimama. Baada ya kushindwa, Weah alirudi kwanza kumaliza sekondari, umri ukiwa unakaribia miaka 40 au umeshaifika. Kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha DeVry, Marekani, akapata shahada ya usimamizi wa biashara mwaka 2011 na shahada ya uzamili mwaka 2013. Mtu mwenye Ballon d'Or kabatini kukaa tena dawatini na kufanya mitihani ya sekondari si jambo dogo. Anastahili kuheshimiwa kwa hilo hata na wasiompigia kura.

"Alishinda 2017 kwa sababu ya mpira"

Mpira ulimpa kitu, ila si kile ambacho watu wanadhani. Wakati wa vita Liberia ilikuwa na majina makubwa mengi, na karibu yote yalikuwa na damu. Jina la Weah lilikuwa safi. Aliinunulia timu ya taifa jezi, akalipa nauli na posho kutoka mfukoni mwake, akaifikisha Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1996 na 2002. Katika kufuzu Kombe la Dunia 2002 Liberia iliachwa na Nigeria kwa pointi moja tu. Kijana wa Monrovia hakukumbuka mabao ya Ulaya peke yake. Alikumbuka kwamba nchi ilipokuwa inateketea kuna mtu aliendelea kuifanya iwe na timu.

Lakini wema huo ulikuwepo mwaka 2005 pia, na alishindwa. Kilichobadilika 2017 ni hesabu. Aliunda muungano wa vyama. Mgombea mwenza akawa Jewel Howard-Taylor, seneta wa kaunti ya Bong na mtalaka wa Charles Taylor, mbabe wa vita aliyewahi kuwa rais. Duru ya pili akaungwa mkono na Prince Johnson, mbabe wa vita wa zamani ambaye watu wake walimkamata na kumuua Rais Samuel Doe mwaka 1990, na ambaye alikuwa na kura za kaunti ya Nimba mkononi. Duru hiyo ilisimamishwa kwanza na Mahakama ya Juu kwa sababu ya malalamiko ya duru ya kwanza. Ilipofanyika, tarehe 26 Desemba, Weah alimshinda makamu wa rais Joseph Boakai kwa asilimia 61.5. Tangu mwaka 1944 Liberia haikuwa imeona rais aliyechaguliwa akimkabidhi kwa amani rais mwingine aliyechaguliwa.

Ushindi huo ulikuja na gharama, na hapa ndipo mimi namlaumu zaidi. Mahakama ya uhalifu wa kivita, ambayo waathirika waliililia miaka mingi, haikuundwa katika miaka yake sita. Sioni namna ingeundwa na watu aliokuwa amekaa nao meza moja.

Anayeamini kwamba jina kubwa linatosha aangalie kwingine. Andriy Shevchenko, Ballon d'Or wa 2004, aliingia kwenye uchaguzi wa bunge la Ukraine mwaka 2012 na chama chake kikapata chini ya asilimia 2. McDonald Mariga, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, aligombea ubunge wa Kibra, Nairobi, mwaka 2019 kwa tiketi ya Jubilee akashindwa na Imran Okoth wa ODM kwa mbali.

"Ni mwanasoka wa kwanza kuongoza nchi"

Ni wa kwanza mwenye hadhi ya nyota wa dunia. Ila Ahmed Ben Bella, rais wa kwanza wa Algeria, aliwahi kuchezea Olympique de Marseille mwaka 1940, klabu ambayo Weah naye aliipitia miaka 60 baadaye. Na si wa mwisho: Mikheil Kavelashvili, mshambuliaji wa zamani wa Manchester City kama Weah, alifanywa rais wa Georgia Desemba 2024, japo huko rais alichaguliwa na baraza maalumu bila kura za wananchi.

"Alijiita mwenyewe timu ya taifa akiwa rais"

Mechi ya tarehe 11 Septemba 2018 dhidi ya Nigeria ilikuwa ya kirafiki, iliyoandaliwa kustaafisha jezi yake namba 14. Alicheza akiwa na miaka 51, Nigeria ikashinda 2-1. Hakuchukua nafasi ya kijana yeyote kwenye mashindano.

"Alimeza kontena la noti"

Mwaka 2018 habari ilienea kwamba noti mpya zenye thamani ya dola bilioni 16 za Liberia zimetoweka, na hasira ikaingia mitaani. Kampuni ya Kroll ilipochunguza, ripoti yake ya Februari 2019 haikupata ushahidi wa kontena lililopotea. Ilikuta kasoro kubwa katika uchapishaji wa fedha na kumbukumbu za Benki Kuu, na mikataba yenyewe ilianza kabla hajaingia madarakani. Kumsafisha kwa hilo si kumsafisha kwa yote. Maisha yalipanda bei, maelfu waliandamana Juni 2019, na mwaka 2022 Marekani iliwawekea vikwazo vya rushwa maofisa wake watatu akiwemo waziri wa nchi ofisini kwake. Novemba mwaka huohuo alikuwa Qatar akimtazama mwanawe Timothy, mzaliwa wa New York, akiifungia Marekani dhidi ya Wales. Baba yeyote angetaka kuwepo. Rais kukaa nje ya nchi zaidi ya mwezi ni habari nyingine, na Waliberia hawakuinyamazia. Upande wa pili wa mizani kuna kupunguza mshahara wake kwa asilimia 25, kufuta ada za shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya umma, na sheria iliyoacha kuwatendea waandishi wa habari kama wahalifu.

"Aliondoka kwa sababu hakuwa na jinsi"

Tarehe 14 Novemba 2023 Boakai alipata asilimia 50.64, Weah 49.36. Tofauti ilikuwa zaidi kidogo ya kura 20,000. Safari hii Prince Johnson alikuwa upande wa Boakai, na mgombea mwenza wa Boakai, Jeremiah Koung, alitoka Nimba. Yaani hesabu ileile iliyompandisha ndiyo iliyomshusha. Kwa pengo dogo namna hiyo, rais aliyeko madarakani ana njia nyingi: mahakama, madai ya wizi, vijana wa barabarani kama wale wa 2005. Weah alihutubia taifa tarehe 17, kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa, akasema amempigia Boakai kumpongeza. Wanaosema alilazimika hawajaonyesha ni nani aliyemlazimisha.