Kubeti kwa eksichenji na listi ya imeili: maana yake, na hela inatoka mfukoni kwa nani

Ofa zenyewe zinafanana sana, unatafuta mtandaoni namna ya kupiga hela ukiwa nyumbani unakutana na ukurasa unakwambia kuna mfumo wa kubeti ambao makampuni hayataki uujue, weka imeili yako hapa utumiwe bure. Ukiweka tu, kesho asubuhi meseji ya kwanza imeingia, keshokutwa ya pili, na wiki haijaisha ushaambiwa ulipie. Ndani ya ofa hiyo kuna biashara mbili zimefungwa pamoja, kubeti kwa eksichenji na kuuza kwa listi ya imeili. Zote mbili zipo kweli na zinaeleweka, ila anayejiandikisha anadhani anafundishwa ya kwanza wakati anayemwandikia anakula kwenye ya pili, na hilo ndo nataka lieleweke hapa kwa mahesabu.

Tuanze na eksichenji. Kampuni ya kawaida, hizi tunazowekea mikeka, yenyewe ndo inapanga odi (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) na yenyewe ndo unapambana nayo, mkeka ukitiki inakulipa, ukichanika inabaki na hela yako. Eksichenji haipambani na wewe, inafanya kazi ya dalali: inakutanisha watu wawili wanaopishana kuhusu mechi moja, inashikilia hela za wote wawili, mechi ikiisha anayestahili analipwa na dalali anakata kamisheni yake. Iliyofanya hii kitu ijulikane duniani ni Betfair ya Uingereza, waliianzisha Andrew Black na Edward Wray, ikaanza kazi Juni 2000. Baadaye wakawepo wengine kama Betdaq na Smarkets, lakini wazo ni lile lile la soko la hisa likahamishiwa kwenye farasi na mpira.

Kwenye eksichenji kuna kubeki na kuna kulei. Kubeki ndo kubeti tulikozoea, unasema Arsenal atashinda. Kulei ni kinyume chake, unasema Arsenal hashindi, iwe ametoka sare au amefungwa wewe umekula, yaani unakaa kwenye kiti cha kampuni. Mfano mtu amebeki Arsenal kwa odi 2.5 akaweka pauni 10, wewe ukachukua upande wa kulei. Arsenal asiposhinda unachukua ile 10 yake, akishinda unamlipa faida yake ambayo ni 15. Kwahiyo eksichenji inakuzuilia pauni 15 kwenye akaunti kabla mpira haujaanza, na hiyo hela iliyozuiwa wanaiita laibiliti. Kuipata unachukua odi unatoa 1 alafu unazidisha na dau la yule mwenzako. Aliyeshinda anakatwa kamisheni kwenye faida tu, na kwa miaka mingi kiwango cha kawaida cha Betfair kilikuwa asilimia 5.

Hapo ndo inakuja ile wanayoita tredingi, yaani kununua na kuuza odi, ambayo hata haihitaji ujue nani atashinda. Umebeki timu kwa odi 3.0 ukaweka pauni 100, kabla ya mechi ikatoka habari straika wa wapinzani ameumia, watu wakaikimbilia timu yako na odi ikashuka hadi 2.5. Unarudi sokoni unailei kwa dau la 120. Timu ikishinda, umepata 200 kwenye beki na umelipa 180 kwenye lei, imebaki 20. Ikifungwa umepoteza 100 ya beki na umechukua 120 ya lei, imebaki 20 vile vile. Toa kamisheni unabaki na 19, matokeo yoyote. Ni mahesabu safi kabisa na kuna watu Uingereza wameishi kwa kazi hii. Ila angalia vizuri, odi ingepanda hadi 3.5 badala ya kushuka hiyo hesabu ingegeuka hasara, na mwenzako upande wa pili wa skrini mara nyingi ana kompyuta yenye programu inayobeti yenyewe, ana picha za uwanjani zinazomfikia kabla ya za kwako za TV, na anafanya hivo toka asubuhi.

Kingine ambacho wauza mifumo wanakipita kimya kimya: kila pauni unayochukua kwenye eksichenji imetoka kwa mchezaji mwingine, hakuna hela mpya inayozaliwa mle ndani, na dalali anakata kila soko. Ukijumlisha wachezaji wote kwa pamoja wamepata hasara kiasi cha kamisheni. Na hata wale wachache wanaoshinda sana hawaachwi tu, mwaka 2008 Betfair ilileta makato ya ziada kwa wateja wanaopata faida mfululizo na mwaka 2011 kiwango cha juu kikapandishwa hadi asilimia 60. Mtu anayekuuzia mfumo kwa pauni 30 na hajawahi kukutajia hayo makato nadhani ni kwa sababu hajawahi kufika huko.

Kwenye kulei hatari kubwa iko kwenye odi kubwa. Tarehe 28 Desemba 2011 pale Leopardstown, Ireland, farasi anaitwa Voler La Vedette alikuwa anaongoza mbio na anaelekea kushinda, huku kwenye Betfair kuna mtu bado anamlei kwa odi 29, na watu wakamkimbilia. Ukipiga laibiliti ya kilichokuwa mezani inafika mamia ya mamilioni ya pauni. Ikaja kujulikana ni programu ya mteja mmoja iliyokosea na hakuwa hata na chembe ya hela hiyo, na mfumo wa Betfair unaotakiwa kuzuia laibiliti nao uliikosa, basi Betfair ikafuta madau yaliyowekwa mbio zikiwa zinaendelea, na waliokuwa wamebeki wakajikuta hawana kitu. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote kwenye hii biashara.

Sasa listi ya imeili. Hii ni orodha ya anwani za watu waliokubali wenyewe uwaandikie, basi. Unawapa kitu cha bure, kijitabu au somo fupi, wanakupa imeili, alafu kuna programu inawatumia meseji zilizoandikwa kabla, ya siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, kila mtu kwa zamu yake kutokana na siku aliyojiunga. Wafanyabiashara wa mtandaoni wanaipenda kwa sababu ukurasa wa Facebook unaweza kufungiwa leo na wafuasi wote wakapotea, ila listi unaipakua unahama nayo. Hela inaingia kwa kuuza bidhaa yako, au kwa uafilieti, yaani unatuma linki ya bidhaa ya mtu mwingine kupitia masoko kama ClickBank ya Marekani na mtu akinunua unapata asilimia yako.

Kwenye kubeti uafilieti una sura moja ambayo kila aliyejiandikisha mahali angetakiwa kuijua. Mikataba mingi ya kampuni za kubeti inamlipa afilieti asilimia ya hela ambayo watu aliowaleta wamepoteza, miezi na miezi mbele. Soma tena hapo. Anayekutumia tipsi (utabiri wa mechi) za bure kila asubuhi, zenye linki ya kufungulia akaunti, anaweza kuwa analipwa pale unapochanika.

Alafu kuna mchezo wa kugawa listi, ni wa zamani na bado unafanya kazi. Mtu ana imeili 8,000, nusu anawaambia timu A inashinda, nusu timu B. Waliopata tipsi mbovu anawaacha, anabaki na 4,000, anawagawa tena, 2,000, 1,000, 500, mpaka baada ya mechi ya tano kuna watu 250 ambao wameona kwa macho yao huyu jamaa amepatia mara tano mfululizo. Hajui chochote kuhusu mpira, na hao 250 watalipa bei yoyote. Vigrupu vya VIP vya WhatsApp na Telegram vya hapa kwetu vinavyouza odi za uhakika vinaweza kufanya hivo hivo, imeili imebadilishwa na namba ya simu tu.

Na ukiona tangazo la tipsi za kulei linasema zinatiki asilimia 87, usikimbilie kusema ni uongo, inaweza kuwa kweli na bado ukafilisika. Chukua farasi wenye odi 8 ambao kweli wanashinda mara moja kati ya nane. Unawalei kwa pauni 10 kila mmoja. Mara saba unachukua 10, jumla 70, na mara moja unalipa 70. Umetiki saba kati ya nane, faida ni sifuri, na kamisheni ya asilimia 5 kwenye zile mara saba imekula 3.50. Asilimia ya ushindi bila odi haikwambii chochote, na matangazo mengi yanatoa asilimia peke yake.

Kwa haki niseme kuna njia moja inayolipa kwa mahesabu, ile ya kutumia bonasi. Kampuni imekupa beti ya bure ya pauni 20, unaibeki kwa odi 5.0 na unalei matokeo yale yale kwenye eksichenji kwa odi 5.2, dau kama 15.53, na matokeo yoyote unatoka na kama pauni 14.75. Inafanya kazi pale ambapo sheria za bonasi zinaruhusu na eksichenji inapokea watu wa nchi yako. Ukidanganya mahali ulipo ili uingie, siku ya kutoa hela wakiomba kitambulisho akaunti inafungwa na hela imo ndani. Na bonasi zenyewe zina mwisho, kampuni zikikushtukia zinakupunguzia dau mpaka senti, kwahiyo huu ni mpunga wa miezi michache, sio kazi ya maisha.

Ukitaka kujifunza listi ya imeili kama biashara mimi nakuunga mkono kabisa, ni ujuzi mzuri, ila ijenge kwa watu wanaonufaika ukiwaandikia, wafuga kuku, wanafunzi wa mitihani, mafundi wa solar. Usinunue listi ya watu ambao hawajakubali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Ulaya ni kali zaidi toka 2018. Weka linki ya kujitoa kwenye kila meseji na anayejitoa muache aende.

Na kama bado kuna mfumo wa kubeti unataka kuulipia, mwombe muuzaji orodha ya beti zake zote za mwaka mzima, odi aliyopata, laibiliti ya kila moja na faida baada ya kamisheni. Akikutumia picha za ushindi wa wiki jana badala ya hiyo orodha, jitoe kwenye listi yake siku hiyo hiyo.