Kijibwa huzaliwa na minyoo yake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Unguja na Pemba mbwa ana kazi zake. Wasasi wanamfuga kwa ajili ya nguruwe na kima wanaomaliza muhogo shambani, wenye nyumba na mahoteli wanamfuga awalindie, na wengi hawana mwenyewe, wanajitafutia riziki jaani. Kwa kuwa wengi wetu hatupendi kumgusa, habari za minyoo yake tunazipata kwa kusikia. Na makosa yetu karibu yote yana asili moja: tunaufikiria utumbo wa mbwa mkubwa, tunasahau mwili wa jike mwenye mimba na udongo wa uwanja. Huko ndiko minyoo iliko kwa wingi.

"Huyu bado ananyonya, minyoo ataitoa wapi?"

Ataitoa kwa mama yake, tena kabla hajazaliwa. Mbwa mkubwa akimeza mayai ya mnyoo wa mviringo, ule ambao wataalamu huuita *Toxocara canis*, vijinyoo vichanga hutoka kwenye mayai, hutoboa utumbo na kusafiri na damu. Vingi haviwi minyoo mikubwa. Hujificha katika misuli na viungo vingine, vikalala humo miezi na hata miaka. Jike akishika mimba, vinaamka. Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Kuanzia siku ya 42 hivi vijinyoo hivyo vinavuka kondo la nyuma na kuwaingia watoto tumboni. Vilivyochelewa hupitia kwenye maziwa.

Ndiyo maana kijibwa cha wiki tatu, ambacho hakijaonja hata uji, kinaweza kuwa na minyoo iliyokomaa na inayotaga. Wakati mwingine kinaitapika: meupe, urefu wa kidole au zaidi, imejikunja na bado inacheza. Mwenyewe hushtuka na kuuliza kimekula nini. Hakikula kitu.

Kwa hiyo dawa huanza wiki ya pili tangu kuzaliwa, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki mbili baada ya kuacha ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Jike naye apewe pamoja na watoto wake, maana anawasafisha kwa ulimi na kuyameza yanayowatoka. Wapo wanaosema mama alikunywa dawa kabla ya kupandwa, basi watoto wamesalimika. Vidonge vya kawaida vinaua iliyo utumboni. Iliyolala misulini haina habari navyo.

"Tumbo kubwa ni shibe"

Mtazame asubuhi kabla hajala. Tumbo likiwa limetuna ilhali mbavu zinahesabika na manyoya yamesimama bila mng'ao, hiyo si shibe.

Kisha mfunue mdomo wa juu, utazame ufizi. Ufizi mzima una rangi ya waridi. Ubonyeze kwa kidole, uachie: unakuwa mweupe halafu wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Mbwa wetu wengine wana ufizi mweusi wa asili. Hao wavute kope ya chini ya jicho, utazame nyama ya ndani. Ukikuta weupe kabla hujabonyeza, usingoje kesho, maana hapo mshukiwa wa kwanza ni safura ya mbwa, na safura kwa kijibwa haina subira.

Mnyoo mmoja wa safura unaweza kufyonza mpaka sehemu ya kumi ya mililita ya damu kwa siku. Unaona ni kidogo. Lakini kijibwa cha kilo moja kina damu isiyofika hata mililita 100 mwili mzima, na minyoo mia moja ndani yake si jambo la ajabu. Fanya hesabu ya siku tano. Hii nayo huingia kwa maziwa ya mama, na pia hupenya ngozi ya tumbo na nyayo pale kijibwa kinapolala kwenye udongo mbichi. Mabaya zaidi, kijibwa kinaweza kufa kabla minyoo haijaanza kutaga, kwa hiyo hata ukipeleka choo chake maabara, hadubini haitaona yai.

"Natazama choo chake kila siku, sioni kitu"

Wala hutaona. Mayai ya minyoo ya mviringo na ya safura hayaonekani kwa macho, na minyoo yenyewe inataka kubaki ndani. Upo mwingine, mnyoo mjeledi, unaokaa utumbo mpana: unachukua karibu miezi mitatu tangu kumezwa mpaka kuanza kutaga, na hata hapo hutaga kwa vipindi, kiasi kwamba kipimo cha leo kinaweza kuwa safi na cha wiki ijayo kikaonyesha.

Unaoonekana kwa urahisi ni tegu. Vipande vyake hutoka vyenyewe na kushika manyoya ya nyuma, vikikauka vinafanana na punje za mchele. Tegu wa kawaida wa mbwa anatoka kwa viroboto: mbwa anajitafuna kwa muwasho, anameza kiroboto, na ndani ya kiroboto mna tegu mchanga. Ukimpa dawa ya tegu ukaviacha viroboto kwenye gunia analolalia, baada ya mwezi punje zimerudi.

"Ni vitu vitamu vinavyoleta minyoo"

Tumeambiwa hivi utotoni, na tumemhamishia mbwa. Sukari haizai mnyoo. Mnyoo unatoka kwa yai, kwa kijinyoo au kwa mnyama aliyeubeba.

Wapo pia wanaosema ni nyama mbichi inayoleta minyoo. Hapo kuna ukweli nusu. Minyoo ya mviringo na safura haingoji nyama. Ila Sikukuu ya Mfunguo Tatu, tunapochinja ng'ombe na mbuzi majumbani, utaona ini au pafu lenye malengelenge yaliyojaa maji linatupwa kando kwa kuwa halifai kuliwa na watu, na mbwa analinyakua. Lengelenge la namna hiyo linaweza kuwa na tegu wachanga ndani yake. Wamo tegu wadogo wa milimita chache tu ambao mbwa hawamsumbui kabisa, lakini mayai yao mtu akiyameza hujijengea malengelenge kama yale kwenye ini au mapafu yake. Viungo vyenye dosari vizikwe kwa kina kisichofukulika, au vichomwe. Na matumbo ya nguruwe baada ya msako yachemshwe kwanza. Mbwa atayala tu.

"Dawa ya minyoo ni dawa ya minyoo"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linaua mbwa mikononi mwa anayempenda. Visiwani tunazijua dawa za minyoo kuliko watu wengi. Watoto wanapewa skuli, mitaa imewahi kupewa za matende na kichocho, na pale Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo tangu mwaka 2000 imekuwa ikishughulika na maradhi haya ya binadamu. Basi vidonge vinabaki kabatini, na mtu anaona aibu kuvitupa.

Chukua prazikwanteli, ile ya kichocho. Kwa mbwa ni dawa nzuri ya tegu, na kipimo chake ni kama miligramu 5 kwa kila kilo. Kidonge cha watu kina miligramu 600. Kijibwa cha kilo tano kinahitaji 25, kwa hiyo kidonge kizima ni dozi 24. Na baada ya yote hayo, prazikwanteli haigusi minyoo ya mviringo wala safura, ambazo ndizo zinazokiua kijibwa. Piranteli ni kinyume chake: inaua hizo mbili na kumwacha tegu akistarehe. Albendazoli ya watu ikirudiwa rudiwa kwa mbwa inaweza kudhuru uboho unaotengeneza damu. Ivermektini ya ng'ombe ina nguvu mno. Ikizidi kipimo inaweza kumfanya mbwa mdogo ayumbe, apofuke na hata afe, na wapo mbwa wa kizungu wa kuchungia kondoo ambao kwa maumbile yao hawaivumilii kabisa.

Mpime kwanza. Kijibwa hutiwa kwenye kikapu, kikatundikwa kwenye mizani ya dukani. Halafu mwulize mtaalamu wa mifugo dawa gani, kwa minyoo gani, kwa uzito huo.

Mbegu za papai na mwarobaini sitazisema sana: hakuna kipimo kinachojulikana kwamba kinamsafisha mbwa. Kitunguu thomu na kitunguu maji ndivyo vya kukataza, kwa sababu vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kumpa aliyekwisha kufyonzwa na safura ni kumkamilishia kazi. Mafuta ya taa hata usiyafikirie.

"Nisipomgusa, sitapata minyoo yake"

Hukumu ya najisi ina mlango wake katika fiqhi, na anayeosha mara saba, moja kwa udongo, anatekeleza ibada. Sina neno hapo. Ila afya ina njia nyingine ya kuhesabu. Yai la mnyoo wa mviringo likitoka leo haliambukizi leo. Linahitaji wiki mbili au zaidi ardhini ndipo lipevuke, na likishapevuka linaweza kudumu miaka. Kwa hiyo hatari kubwa si mate yaliyogusa kanzu. Ni kile choo cha mwezi uliopita ambacho hakionekani tena, kimeyeyuka na mvua za masika kwenye uwanja ambao watoto wanacheza gololi na kutia vidole mdomoni. Mjamzito anayetafuna udongo naye yumo. Ndani ya mtu vijinyoo hivi havikui kuwa minyoo. Vinatangatanga kwenye ini, mapafu na, kwa bahati mbaya, jicho. (Na udongo wa kuoshea, fiqhi yenyewe inataka uwe twahara. Usiuchote pale mbwa anapojisaidia.)

Kuzoa choo kila siku kunashinda dawa nyingi, maana kijinyoo cha safura nacho hukomaa udongoni ndani ya wiki moja hivi. Chimba shimo, fukia. Klorini haiyaui mayai ya mnyoo wa mviringo, kwa hiyo usijidanganye na kumwaga jiki. Maji yanayochemka kwenye sakafu ya saruji, na jua kali, ni bora.

Pwani mambo ni hayo hayo. Watu husema mchanga wa bahari ni safi. Unaopigwa na maji ya kujaa na kupwa, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini juu ya mstari wa maji, chini ya minazi na mivinje, kwenye kivuli na unyevu, mbwa wanajisaidia na safura zao zinangoja ngozi. Ile mistari mekundu inayotambaa mguuni au makalioni na kuwasha usiku ndiyo hiyo. Kalia mkeka, vaa ndara.

"Alishachomwa sindano ya serikali"

Sindano hiyo ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na umefanya vyema kumpeleka. Haiui hata mnyoo mmoja. Vilevile vidonge vya kawaida vya minyoo ya tumbo havimkingi na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu.

"Anaburuta makalio, ana minyoo"

Pengine. Mara nyingi zaidi ni tezi za pembeni mwa mkundu zilizojaa.

"Nimempa dawa, bado anaharisha, dawa feki"

Huenda. Lakini si kila kinachoishi tumboni mwa mbwa ni mnyoo. Vijidudu vya giadia na koksidia ni vya chembe moja, vinawapenda hasa vijibwa waliobanwa pamoja kwenye banda chafu, na kidonge cha kawaida cha minyoo hakiviui koksidia hata kidogo. Kabla ya kununua kidonge cha tatu, chukua choo kibichi, kiasi cha kijiko cha chai, kitie kwenye kichupa safi chenye kifuniko, andika saa, kipeleke siku ileile kwa mtaalamu wa mifugo mwenye hadubini. Na kijibwa kiendelee kupewa maji. Kuharisha kunakimaliza upesi kuliko minyoo.