Manusura wa biashara ya ngono si wa kusimulia tu

Dhana: Asiyevushwa mpaka hakuuzwa.

Lugha yetu yenyewe inatuponza. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inaliita kosa la kumuuza mtu ili anyonywe usafirishaji haramu wa binadamu, na msikilizaji papo hapo anawaza basi, pasipoti na mpaka. Kumbe Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu kosa hilo, inataja pia kumpokea mtu na kumhifadhi kwa nia ya kumnyonya. Binti anaweza kuuzwa mtaa uleule aliozaliwa. Na kama hajatimiza miaka 18, hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa au alidanganywa.

Dhana: Alikubali mwenyewe.

Ridhaa iliyopatikana kwa hila au vitisho haihesabiki. Itifaki hiyohiyo inasema hivyo. Kuwadi mara nyingi huanza kama mpenzi: ananunua chakula, anasikiliza, anaahidi ndoa.

Dhana: Manusura asimulie, wataalamu wachambue.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Rachel Lloyd, Mwingereza aliyepitia mikononi mwa kuwadi huko Ujerumani akiwa kijana, alianzisha GEMS, shirika la kuwasaidia wasichana waliouzwa kwa ngono, jijini New York mwaka 1998. Alikuwa na dola 30, kompyuta ya kuazima na meza ya jikoni. Wakati huo sheria za jimbo zilisema aliye chini ya miaka 17 hawezi kuridhia ngono, lakini binti wa miaka 15 alitiwa pingu kwa kosa la kujiuza. Hawezi kukubali, ila anaweza kushtakiwa! Lloyd na wasichana wenyewe walikwenda Albany, makao makuu ya jimbo, kuwaeleza wabunge jambo hilo, na mwaka 2008 New York ikawa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kumlinda mtoto huyo badala ya kumshtaki. Mwaka 2010 ikaruhusu manusura waombe mahakama ifute hukumu zao za ukahaba. Huo ni uchambuzi, tena wa kisheria.

Dhana: Ukimlipa manusura, ushuhuda wake unakuwa wa kununuliwa.

Manusura anapoitwa kusaidia utafiti, mtafiti aliyeketi naye meza moja amepewa nauli na posho, na hakuna anayeitilia shaka ripoti yake. Manusura naye ameacha kibarua cha siku hiyo, amepanda daladala mbili, na ameombwa aisome hojaji na kuonyesha swali litakalomfanya mwenzake anyamaze. Naye ana haki ya posho hiyohiyo.