Tawi la Chini Halipandi Juu

Majuzi, katika kihamba kimoja (shamba la nyumbani la Wachagga) cha Kibosho, mzee mmoja alinizuia nisipogoe matawi ya chini ya mgrevilea wake, mti wa kivuli na mbao unaopandwa kati ya kahawa, akinieleza kwa upole kwamba mti ukirefuka matawi hayo yatapanda nao na kuiachia kahawa mwanga. Maelezo hayo nimeyasikia kwa wakulima wa Moshi mara nyingi mno, na uvumilivu wangu umekwisha.

Mti haurefuki kama mpira unaovutwa. Seli zinazogawanyika ili kuongeza urefu zimo katika ncha za shina, za matawi na za mizizi. Huko kila seli hunakili kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, na kujigawa kuwa mbili, kisha seli changa zinazoachwa nyuma ya ncha hujaa maji na kurefuka, kuta zao hukakamaa, na urefu wa sehemu ile haubadiliki tena. Kinachoendelea hapo ni unene tu, unaoletwa na kambiamu, yaani tabaka jembamba la seli zinazogawanyika kati ya ganda na mbao. Kwa hiyo tawi lililo usawa wa kifua leo litabaki usawa wa kifua hata mgrevilea ukifika mita 20, na kadiri linavyoachwa ndivyo mbao mpya inavyolizingira na kutengeneza fundo ambalo seremala atalilaani. Likateni likiwa na unene wa kidole gumba, kwa msumeno, wala si kwa panga. Anayebisha apake mstari wa rangi kwenye shina leo, aupime baada ya mwaka. Waya wa uzio nao haupandi: shina likinenepa, waya hulikaba ganda na kuziba njia ya chakula kinachoshuka mizizini.

Mahindi machanga yaliyoliwa majani na mbuzi huwa hayajafa, kwa kuwa hadi yanapofikisha majani matano au sita kitovu chake cha ukuaji, yaani ncha yenye seli zinazogawanyika, kingali chini ya udongo. Subirini siku chache kabla ya kung'oa.

Mgomba uliokatwa kabla ya kutoa mkungu husukuma jani jipya katikati ya kisiki, jambo ambalo wengine huliita muujiza. Tunachokiita shina ni mafumba ya majani yaliyobanana, yaani sehemu za chini za majani zinazozungukana. Seli zinazogawanyika ziko chini kabisa, kwenye tunguu, yaani shina halisi lililo ardhini, ambako panga halikufika.