Mileji si mshahara: malipo ya dereva wa lori na yale yanayosemwa na sheria

Dereva wa trela aliyefika kwenye dawati letu la ushauri wa kazi hapa Mombasa hakuwa na barua ya ajira wala hati ya mshahara. Alikuwa na daftari la shule, jalada lake limelainika kwa mafuta ya mikono, na ndani yake alikuwa ameandika, kwa kalamu za rangi mbalimbali, safari zake za miaka minne: tarehe aliyotoka Changamwe, nambari ya kontena, lita za dizeli alizopewa, siku alizokaa kwenye foleni ya Malaba, mpakani na Uganda, na fedha alizotumiwa kwa simu. Nilipomuuliza analipwa mshahara wa kiasi gani, alinijibu kama niliyemuuliza jambo lisilomhusu: “Mimi sina mshahara, dada. Mimi niko kwa mileji.”

Jibu hilo tunalisikia mara nyingi, na ndilo chanzo cha migogoro mingi ya malipo inayotufikia kutoka kwa madereva wa masafa marefu. Mileji ni fedha anazopewa dereva kwa kila safari, au kwa hesabu ya kilomita, na ndizo anazotumia kula, kulala, kulipia maegesho ya usiku na pengine kumlipa utingo. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho kinachofika nyumbani na kuitwa mshahara. Hapo mambo mawili yamechanganywa: gharama za kuifanya kazi ya mwajiri, ambazo kwa haki ni za mwajiri, na ujira wa aliyeifanya. Madhara ya mchanganyiko huo hayaonekani mwezi wa kwanza wala wa pili. Huonekana siku dereva anapougua, anapoomba likizo au anapofutwa, kwa kuwa hapo kila hesabu huanzia kwenye mshahara wa mwezi, na mwajiri husema mshahara huo haupo, au ni kiasi kidogo kilichoandikwa ili kuridhisha karatasi.

Nchini Kenya, kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali kwa amri za ujira, na amri hizo zinamtaja waziwazi dereva wa magari mazito ya biashara. Mombasa imewekwa katika kundi la miji yenye viwango vya juu zaidi, na kwa dereva huyo kiwango cha mwezi kilikwisha kuvuka shilingi 30,000 kabla ya nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, tena bila marupurupu ya nyumba. Mwajiri anaruhusiwa kulipa mileji juu ya kiwango hicho, lakini hawezi kuitumia mileji kukifuta.

Suala la saa za kazi ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Sheria ya Trafiki, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, inakataza mtu kuendesha gari la biashara kwa zaidi ya saa 8 kwa jumla katika kila saa 24. Sasa tupige hesabu. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Lori lililojaa, likipita mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye na kupanda miinuko ya Bonde la Ufa, likijitahidi litapata wastani wa kilomita 45 kwa saa, yaani saa 20 za usukani kwa safari ya kwenda tu. Kwa kipimo cha sheria, hiyo ni kazi ya siku mbili na nusu. Dereva anayeambiwa mzigo uwe mpakani kesho kutwa asubuhi, naye analipwa kwa safari, ameambiwa avunje sheria ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo. Lori linapokutwa mtaroni alfajiri karibu na Mtito Andei, watu husema dereva alisinzia, na pengine ni kweli. Sijaona ripoti nyingi zinazouliza alilipwaje. Tena kuna upande wa pili wa saa hizo: siku tatu za kungoja kontena bandarini au wiki nzima mpakani, dereva akilinda mzigo na kulala kwenye kiti, hazimo kabisa katika hesabu ya mileji, ilhali hakuwa likizoni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7 na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili, na haimtofautishi anayefanya kazi ofisini na anayefanya kazi barabarani.

Kuhusu makato, kosa linalojirudia ni la dizeli. Dereva hupewa lita maalumu, foleni inakuwa ndefu, injini inaunguruma usiku kucha, na akirudi upungufu wote unakatwa kwake bila kuulizwa. Kwa mali ya mwajiri iliyopotea au kuharibika, sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale tu mfanyakazi alipokusudia kukosa, na foleni haikukusudiwa na mtu. Hata makato halali yote yakijumlishwa, hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Aliyeiba mafuta ni habari nyingine, lakini naye ana haki ya kuelezwa tuhuma na kusikilizwa kabla ya kufutwa.

Utingo ndiye anayesahaulika zaidi, ingawa amri ya ujira nayo inamtaja. Mara nyingi huchukuliwa na dereva kwa mapatano ya mdomo na kulipwa kutoka mfukoni mwa dereva, kisha siku anapobanwa na kontena au kuanguka kutoka juu ya turubai, tajiri wa lori husema hamjui. Ninamshauri dereva asikubali kuwa mwajiri wa mtu kwa bahati mbaya: aombe jina la utingo liandikwe kwenye hati ya safari, hata kwa mkono, kabla gari halijatoka yadi.

Wengi hudhani kwamba asiye na mkataba ulioandikwa hana kesi. Sivyo. Mkataba wa miezi 3 au zaidi unapaswa kuandikwa, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Akishindwa kuutoa mbele ya mahakama, ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Aidha, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi 1 au zaidi huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Kinachohitajika ni ushahidi kwamba kazi ilifanyika, na hapo ndipo daftari la yule dereva lilipopata thamani yake. Tuliliweka kando ya ujumbe wa fedha katika simu, nakala za pasi za lango la bandari na hati za kukabidhi mzigo, na tarehe zikawa zinaitikiana. Usifute ujumbe wa malipo unapobadilisha simu, na kila pasi ipige picha kabla hujairudisha ofisini.

Daftari hilo lilitufikia likiwa limechelewa kidogo. Aliyefutwa kazi anatakiwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Madai ya mahakamani yana miaka 3, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi hapa hapa Mombasa. Yeye alikuwa amekaa miezi 5 akiahidiwa kuitwa lori likitoka gereji, kwa hiyo tukaelekea mahakamani moja kwa moja. Miezi hiyo 3 inahesabiwa kuanzia siku ya kufutwa, hata kama siku hiyo ilimkuta Malaba, funguo zikapokewa na dereva mwingine, naye akarudi Mombasa kwa basi.